Nchi Ambayo Hakuna Anayekubali Kuwa Serikali

Lalamiko la kawaida kuhusu wanasiasa wa Kenya ni kwamba wanasema uongo, nami sina nia ya kuwatetea. Hata hivyo, kwa muda wote ambao nimezifuatilia siasa zetu nimezidi kuamini kwamba uongo ndio silaha yao dhaifu zaidi. Uongo hushikika: aliyeahidi barabara asiijenge anaweza kupelekwa mahali penyewe akaonyeshwa vumbi. Kinachovipa vyama vyetu uhai, na kinachowafanya watu waendelee kuvipigia kura hata baada ya kuumizwa navyo, ni ustadi wa kuvuruga mambo hadi mwananchi ashindwe kujua ni nani hasa aliyekuwa akitawala wakati yeye anaumia. Hasira isiyojua pa kuelekea haimwondoi yeyote madarakani. Hupoa, kisha mwenye hasira hurudi kwa kinara wa jamii yake, ambaye angalau anamfahamu jina la baba na kijiji alikozaliwa.

Majina ya vyama yenyewe yanaeleza mengi. Mwai Kibaki aliingia Ikulu Desemba 2002 kwa tiketi ya muungano wa NARC, lakini alipotetea kiti chake mwaka 2007 alitumia PNU, chama kilichokuwa na umri wa miezi michache tu. Uhuru Kenyatta alichaguliwa Machi 2013 akiwa TNA, ndani ya muungano wa Jubilee ambao ulikijumuisha pia chama cha URP cha William Ruto. Mwaka 2016 vyama hivyo vilivunjwa kikaundwa Chama cha Jubilee, na hicho ndicho kilichompa muhula wa pili mwaka 2017. Ruto naye aliiacha Jubilee na kushinda Agosti 2022 kwa chama cha UDA. Tangu KANU iondoke madarakani, kwa hiyo, hakuna rais aliyewahi kurudi kwa wapigakura akiwa na chama kilekile kilichompa muhula wa kwanza. Jubilee ya mwaka 2013 iliahidi kompyuta ndogo kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza. Leo ukitaka kumdai mtu ahadi hiyo, utabisha hodi kwenye mlango upi? TNA haipo, URP haipo, na Jubilee iliyobaki ni gofu ambalo hata waliolijenga wamewahi kugombania funguo zake mahakamani.

Wapo wanaosema kwamba haya ni matokeo ya demokrasia changa, kwamba vyama vitakomaa. Sikubaliani nao. Chama kinachodumu hujikusanyia rekodi, na rekodi ni mzigo kwa mtu anayetaka kuchaguliwa tena. Kuunda chama kipya kila baada ya miaka mitano ni njia ya kufuta deni bila kulilipa.

Lakini majina ni sehemu ndogo tu ya mchezo. Mfano mkubwa kabisa wa ukwepaji katika historia yetu ya karibuni, kwa maoni yangu, ni namna kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, zilivyogeuzwa kuwa kampeni ya uchaguzi wa 2013.

Katika uchaguzi wa Desemba 2007, Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Kibaki, naye Ruto alikuwa miongoni mwa vigogo wa chama cha ODM waliokuwa na Raila Odinga, mpinzani wa Kibaki. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao, na Bonde la Ufa, ambako jamii za wawili hao ziliishi pamoja, ndiko kulikoumia zaidi. Bunge liliposhindwa kuunda mahakama maalumu humu nchini, baadhi ya wabunge wakishabikia Hague, makao ya ICC, kwa sababu waliiona mbali, mpatanishi Kofi Annan aliikabidhi ICC bahasha ya majina. Desemba 2010 mwendesha mashtaka Luis Moreno Ocampo aliwataja Wakenya sita, na Januari 2012 mashtaka dhidi ya wanne kati yao yakathibitishwa. Uhuru na Ruto walikuwa ndani ya hao wanne, kila mmoja akituhumiwa kwa matendo yaliyodaiwa kutendwa na upande wake dhidi ya upande wa mwenzake.

Hapa ndipo ustadi wenyewe ulipoonekana. Swali lililokuwa mbele ya mahakama lilikuwa rahisi kulielewa: ni nani aliyepanga watu wachinjwe na nyumba zao zichomwe? Katika mikutano ya maombi na baadaye ya kampeni, swali hilo halikukanushwa, lilibadilishwa. Likawa: je, Wazungu watuchagulie rais? Afisa wa Marekani Johnnie Carson aliposema Februari 2013 kwamba kila chaguo lina matokeo yake, aliwapa Jubilee zawadi ambayo hawakuwa wameiomba, nao waliitumia hadi siku ya kura. Washukiwa wa pande mbili zilizokuwa zikiuana wakageuka tiketi moja ya amani, na mtu aliyeuliza habari za waliokufa akaonekana anachimbua makaburi na kurudisha vita.

Linalonishangaza hadi leo ni jinsi kesi hiyo ilivyokuwa ikibadilika umbo kulingana na mahitaji. Kwenye mdahalo wa wagombea urais mwaka 2013, Uhuru alisema kwamba hilo lilikuwa suala lake binafsi, ambalo lisingemzuia kuongoza nchi. Miezi michache baada ya kuapishwa, Bunge lililotawaliwa na Jubilee lilipitisha hoja ya kutaka Kenya ijiondoe kwenye Mkataba wa Roma ulioiunda ICC, na Oktoba 2013 suala binafsi likawa ajenda ya Umoja wa Afrika jijini Addis Ababa, likielezwa kama shambulio dhidi ya bara zima. Oktoba 2014, alipoitwa kuhudhuria kikao Hague, Rais aliliambia Bunge kwamba anamkabidhi Ruto madaraka kwa muda ili anayekwenda kule awe Uhuru Kenyatta, mtu binafsi, wala si Jamhuri ya Kenya. Suala la mtu, kisha la taifa, kisha la bara, kisha la mtu tena, na kila badiliko lilipigiwa makofi na watu walewale.

Sisemi kwamba walikuwa na hatia. Hakuna mahakama iliyosema hivyo: mashtaka dhidi ya Uhuru yaliondolewa Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na kesi ya Ruto ilisitishwa Aprili 2016 huku majaji wakizungumzia kuingiliwa kwa mashahidi. Ninachosema ni kwamba waathiriwa walitoweka ndani ya simulizi. Ukweli kwamba wengi wao walikuwa wa jamii zilezile zilizoambiwa kuwa zinashambuliwa na ICC haukusaidia kitu. Chama kilikuwa kimefanikiwa kumhamisha mshtakiwa. Kizimbani hawakuwa tena wanasiasa wawili, alikuwa mpigakura mwenyewe na watu wake. Na mtu akishaamini kwamba yeye ndiye anayeshtakiwa, kukihama chama si uamuzi wa kisiasa tena, ni usaliti wa ukoo.

Baada ya hapo yalikuja mageuzi ambayo, nikiyatazama sasa, naona yalikuwa ya ujanja zaidi kwa sababu hayakuhitaji adui wa nje. Machi 9, 2018, Uhuru na Raila walisalimiana kwa mikono kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais, salamu iliyokuja kuitwa handisheki, na nchi ikajikuta ina kiongozi wa upinzani aliye karibu na Rais kuliko Naibu Rais. Kwa miaka minne iliyofuata, Raila alikuwa mpinzani mwenye baraka za Ikulu, naye Ruto alikuwa Naibu Rais mwenye msafara wa magari ya serikali, mshahara wa serikali, makazi rasmi ya Karen, na hotuba za upinzani.

Ninakiri kwamba hoja ya Ruto, kwamba alikuwa amesukumwa pembeni serikalini, haikuwa ya kubuni tu. Mwanzoni mwa 2019 Rais alitoa agizo lililompa Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i usimamizi wa utekelezaji wa miradi ya serikali, na Naibu Rais akabaki bila kazi ya maana. Mkanganyiko mzuri daima hujengwa juu ya jambo lililo kweli nusu, maana uongo mtupu haubebi uzito. Nusu ya pili, ambayo haikutajwa kwenye mikutano ya wilibaro, alama ya UDA, ni kwamba kati ya 2013 na 2017 hapakuwa na Wakenya wawili walioshikamana kuliko Uhuru na Ruto, waliovaa mashati meupe na tai nyekundu za kufanana na kuizindua kila barabara pamoja. Deni la taifa, ambalo lilikuwa takriban shilingi trilioni 1.9 walipoingia madarakani, lilikuwa limepita trilioni 8.5 muhula wao wa pili ulipokuwa ukimalizika. Nani alilikopa? Ukiwauliza watu wa UDA, ni Uhuru na handisheki. Ukiwauliza watu wa Azimio, muungano uliomsimamisha Raila mwaka 2022, ni Jubilee ya miaka mitano ya kwanza, ambayo Ruto alikuwemo. Jawabu la pande zote mbili lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyelipa gharama yoyote ya kisiasa kwa deni ambalo watoto wetu watalilipa.

Mwaka 2022 ulikuwa na uchaguzi wa ajabu ambao wagombea wote wawili wakuu walijinadi kuwa wakombozi dhidi ya serikali. Ruto alizungumza habari za mahasla, yaani wahangaikaji wa kawaida, dhidi ya nasaba za kifalme, na za watu wa sistimu, yaani wakuu wa dola, wanaopanga kuiba kura gizani. Raila aliahidi kupambana na ufisadi huku akisindikizwa na mawaziri waliokuwa wakisimamia bajeti zilizolalamikiwa. Bei ya unga ilikuwa imepanda kiasi kwamba Julai, wiki chache kabla ya kura, serikali ilitangaza ruzuku ya kuishusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 100, na dukani kwetu pakiti hizo zilionekana kwa shida kabla hazijapotea. Aliyekasirishwa na bei hiyo alitakiwa amwadhibu nani: Naibu Rais aliyejivua serikali, au mpinzani aliyeivaa? Ruto alipata asilimia 50.49, Raila asilimia 48.85, na ukiitazama ramani ya kura utaona kwamba katika maeneo mengi watu walilitatua fumbo hilo kwa njia ya zamani. Mlima Kenya pekee ndio ulioleta mshangao wa kweli kwa kumkataa Uhuru, mwana wao, aliyemuunga mkono Raila, ingawa hata huko Ruto alikuwa amejihadhari kwa kumchukua Rigathi Gachagua wa Nyeri awe mgombea mwenza.

Gachagua mwenyewe, kwa faida ya uchambuzi, aliliweka wazi jambo ambalo wenzake hulifunga kwenye maneno laini. Aliilinganisha serikali na kampuni yenye hisa, akadai kwamba waliopiga kura nyingi ndio wenye haki ya kuvuna kwanza. Alishutumiwa vikali, lakini nilidhani wakati ule, na bado nadhani, kwamba kosa lake lilikuwa kusema hadharani kanuni ambayo vyama vyote huifuata. Oktoba 2024 aling'olewa kwa kura za wabunge na maseneta, na mara moja naye akawa mpinzani wa serikali aliyoiunda.

Kuhusu Bunge nitasema machache kwa sababu mambo yake yanachosha, na kuchosha kwenyewe ni sehemu ya mbinu. Mara tu baada ya uchaguzi wa 2022, wabunge kadhaa waliochaguliwa chini ya vyama tanzu vya Azimio walivuka kwenda Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, na Spika Moses Wetang'ula akaamua kwamba Kenya Kwanza ndio walio wengi. Februari 2025 Mahakama Kuu ilisema uamuzi huo ulikiuka katiba. Siku chache baadaye Spika alitoa uamuzi mpya, wenye hesabu mpya, uliofika palepale. Miaka miwili na nusu ilipita bila nchi kuwa na jibu lisilobishaniwa la swali ambalo mtoto wa shule ya msingi anapaswa kulijibu: ni upande gani wenye wabunge wengi?

Kisha likaja Juni 2024. Vijana waliojitokeza kupinga Mswada wa Fedha walitangaza kwamba hawana kabila, hawana kiongozi na hawana chama, na nadhani vyama havijawahi kuogopa maneno machache kiasi hicho. Mbinu zote nilizozieleza zinahitaji mtu aliye na mahali pa kurudi, nao vijana hawa walikuwa wamekataa kuwa napo. Juni 25 waandamanaji waliingia kwenye majengo ya Bunge, watu wakapigwa risasi barabarani, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia saini mswada huo. Katika wiki zilizofuata serikali ilijaribu chombo cha zamani: Ruto aliituhumu hadharani Ford Foundation ya Marekani kwamba inafadhili ghasia, na shirika hilo likakanusha. Mtu aliyewahi kusikiliza hotuba za 2013 alikuwa na haki ya kutabasamu kwa uchungu, maana wimbo ulikuwa uleule wa wageni wanaotuchochea. Safari hii haukushika. Kijana aliyekuwa ameusoma mswada kifungu kwa kifungu kwenye simu yake hakuhitaji kuambiwa na mgeni kwamba mkate utatozwa ushuru.

Kwa kuwa wimbo haukushika, kilichotafutwa ni kitu chenye nguvu zaidi. Agosti 2024 John Mbadi, mwenyekiti wa kitaifa wa ODM, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha; Hassan Joho na Wycliffe Oparanya, manaibu wa kiongozi wa chama hichohicho, pamoja na Opiyo Wandayi aliyekuwa kiongozi wa wachache bungeni, wakapewa wizara pia. Uongozi wa ODM ulisisitiza kwamba chama hakijaingia serikalini, kwamba watu hao ni wataalamu tu. Machi 7, 2025, Ruto na Raila walitia saini makubaliano ya vipengele kumi katika ukumbi wa KICC, na bado tukaambiwa kwamba huo si muungano. Serikali ikaitwa jumuishi. Katibu mkuu wa chama, Edwin Sifuna, aliendelea kuikosoa serikali hiyo kwa maneno makali, huku wenzake wakiitetea wakiwa kwenye viti vya mawaziri. Mfuasi wa ODM angeweza, siku moja hiyohiyo, kumsikiliza Sifuna akaridhika kwamba chama chake kinapinga ushuru, kisha akamsikiliza Mbadi akaridhika kwamba chama chake kinakusanya ushuru kwa busara. Sijui kama kuna aliyeketi na kuupanga mgawanyo huo wa kazi, lakini kwa chama chenyewe matokeo yalikuwa bora kuliko mpango wowote. Raila alipofariki Oktoba 2025, alikiacha chama ambacho wakuu wake hawakubaliani hata juu ya upande wa Bunge wanakopaswa kuketi.

Watu wa mijini, hasa tuliosoma kidogo, hupenda kueleza uaminifu wa wapigakura kwa kuwaita wajinga. Hilo nalikataa kabisa. Nilimuuliza mjomba wangu, ambaye hulima viazi upande wa Molo na amewahi kuhamishwa na ghasia za uchaguzi, kwa nini bado hukipigia kura chama cha wakubwa wake kuanzia rais hadi diwani bila kuruka hata karatasi moja. Hakunitajia sera. Alinijibu, "Mpwa wangu, hao wengine wakishinda, kukichafuka tena, ni nani atakayepokea simu yangu?" Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mjomba ameifanya hesabu hiyo kwa uangalifu kuliko wachambuzi wengi wa televisheni. Chama kinachovuruga picha hakimdanganyi mtu kama yeye. Kinampunguzia tu vitu anavyoweza kuvitumia kufanya uamuzi, hadi kibaki kimoja, ambacho ni jamii, kwa sababu manifesto zimefutwa, vyama vimebadilishwa majina, wengi na wachache hawajulikani, na Waziri wa Fedha ametoka upinzani. Akichagua kwa jamii baada ya hapo, amechagua kwa kutumia kigezo pekee alichoachiwa.

Ndiyo maana sioni faida ya kuwahubiria wapigakura kuhusu ukabila bila kugusa upande wa pili, yaani kumbukumbu ya nani alitenda nini. Na hapo mwaka 2024 ulituachia kitu ambacho vyama bado havijapata namna ya kukichafua. Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili, Juni 20, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Uliposomwa mara ya tatu, Juni 25, hesabu ilikuwa 195 kwa 106. Majina yao yakasambaa kutoka simu hadi simu, jimbo kwa jimbo. Kura hizo hazikuwa za TNA wala za handisheki wala za sistimu. Kila moja ilikuwa na jina la mtu mmoja. Baadhi ya wabunge waliomba radhi kwa waliowachagua, wengine wakasema walishurutishwa na wakuu wa chama, na wengine walinyamaza wakitumaini kwamba kufikia uchaguzi wa Agosti 2027 watakuwa wameshapata chama kipya.

Mbunge wetu ni mmoja wa hao walionyamaza. Tayari nimesikia kwamba anazungumza na chama kingine, chenye rangi nzuri na mwito unaoimbika, na kwamba akija kuomba kura atasema alikuwa akiipinga serikali kutoka ndani. Orodha ya kura za Juni 20 na Juni 25 nimeichapisha, na wazee wawili wa mtaa wameniomba nakala zao.